Tufaha Lisilovishwa Mfuko

Kivuamfuko kilikuwa na mikono sita, macho mawili ya kupima rangi na sauti ya Lusungu Mbilinyi, injinia aliyekiunda. Kilipita kati ya mitufaha kwenye matuta ya Njombe kikivua mifuko ya karatasi iliyofunika matunda tangu yalipokuwa na ukubwa wa golori. Kila tufaha lilitoka jeupe kama mtu aliyelazwa wodini miezi mitatu. Ngozi iliyonyimwa jua kiasi hicho huwa na uchu nalo. Ukiifunua, siku kumi tu, inawiva nyekundu bila doa.

Ila kila mti ulikuwa na tufaha moja lisilovishwa mfuko, limeparuzwa na upepo, lina madoa ya kutu. Kivuamfuko kililichuma, kikalitupa kwenye ndoo ya makapi na kutamka, kwa sauti ya Lusungu:

"Hili limesahauliwa. Bibi mvishaji atafute miwani."

Wajumbe wa ushirika waliokuja kukitazama walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Hilo ni shahidi, baba," alisema Shangazi Velonika, aliyeyavisha matufaha ya ukoo mzima mifuko kwa miaka thelathini. "Tunaliacha makusudi, ili..."

"Shahidi wa kesi gani, shangazi?" Lusungu alimkatiza. "Ya macho?"

Wakacheka tena. Shangazi naye alicheka kidogo, akakaza kitenge chake.

Siku ya kumi yakachumwa, yakapangwa mezani mekundu, yanang'aa. Ushirika ukiridhika, ungenunua vivuamfuko ishirini, na wavishaji arobaini, ambao ndio pia walioivua mifuko, shangazi akiwemo, wangerudi nyumbani. Mwenyekiti Mgaya aling'ata la kwanza. Akatafuna. Akatazama mawingu.

"Rangi nzuri," alisema.

"Rangi nzuri sana," akaongeza katibu, na tufaha lake akaliweka chini taratibu, kama mtoto wa watu.

Hakuna aliyerudia kung'ata. Lusungu akachukua lake. Kilikuwa kiazi kibichi kilichovaa suti.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Wekundu huletwa na jua juu ya ngozi, na huja upesi. Utamu hupikwa na majani, polepole, na msimu ule mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Njombe miezi miwili. Mfuko haukuonyesha kitu. Tufaha lililoachwa wazi ndilo hukatwa na kuonjwa, mti kwa mti, na mpaka liwe tamu hakuna mfuko unaovuliwa. Ili tulionje kwanza: ndivyo shangazi alivyotaka kumalizia. Lusungu alikifundisha chombo chake kusoma ngozi tu, na shahidi akamtupa kwenye makapi.

"Injinia," Mgaya aliuliza, "ndivyo yanavyotakiwa kuwa?"

Lusungu alifungua mdomo. Shangazi akawahi kusimama.

"Kosa ni langu, mwenyekiti. Mimi ndiye niliyempa tarehe ya kuvua mifuko. Nilihesabu siku vibaya. Si mnajua tena, miwani."

Watu wakacheka, kicheko kilekile cha siku ile. Katibu akaanza kuandika. Lusungu alitakiwa kunyamaza tu. Vivuamfuko vingenunuliwa, na shangazi angeondoka na aibu isiyo yake, amempisha mpwa wake kama mtu anavyompisha mgeni kiti. Hakumtazama hata. Alikuwa akikwangua gundi ya mifuko kwenye kucha zake.

Masikio yakamwaka moto Lusungu.

"Macho ya shangazi hayana kasoro," alisema. "Tarehe niliiweka mimi. Alitaka kunieleza, nikamkatiza ili mcheke."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kutoka tuta la chini ambako kivuamfuko kilikuwa bado kazini, sauti yake mwenyewe ikapanda, changamfu kabisa:

"Hili limesahauliwa. Bibi mvishaji atafute miwani."

Mti wa pili. Maneno yaleyale.

"Nenda kakizime, baba," shangazi alisema kwa upole. "Kitamaliza mashahidi wote."

Swichi, Lusungu alikuwa ameiweka mgongoni mwa chombo, kwa kiburi, asije mtu akakizima kwa mbali. Akashuka peke yake, wajumbe wote wakimtazama, miti themanini mbele yake. Alitembea haraka, kisha akakimbia, na kila alipokaribia sauti ilizidi kuwa kubwa.