Kitabu Kilichofichwa Nyuma ya Kamusi

Kila mchana, kengele ya mapumziko ilipolia, Mutesi alikwenda maktabani peke yake. Wazazi wake walikuwa wamerudi Kigali kutoka Mwanza na kupanga nyumba mtaa wa Remera, na Kinyarwanda chake kilikuwa bado cha kubabaisha. Wenzake hawakumchukia. Walimsahau tu, kama mtu asahauvyo mwavuli siku ya jua.

Darasa zima lilipenda mfululizo wa hadithi za Milima Inayotembea. Kitabu cha tano kilipofika, nakala ilikuwa moja. Nasiri, mtoto wa fundi cherehani, alikiazima wa kwanza, lakini akaugua na kukirudisha bila kukisoma. Alikiweka mezani maktabani wakati mtunza maktaba hayupo, akaondoka. Mutesi akakichukua na kukisoma palepale.

Yaliyokuwamo yalimshtua. Kirimo, mlinzi mwaminifu wa malkia, kumbe alikuwa mtoto wa adui! Kesho yake alimdokezea Kaze, jirani yake darasani, na saa ya mapumziko watoto saba wakamzunguka wakitaka kusikia zaidi. Aliwasimulia kidogo kidogo, siku baada ya siku. Kwa mara ya kwanza alikuta amewekewa nafasi kwenye benchi. Ili wasiache kumfuata, alikisukuma kitabu nyuma ya kamusi kubwa za rafu ya chini.

Mwalimu Gahongayire, mtunza maktaba, alikitafuta asikione. Daftarini jina la mwisho lilikuwa la Nasiri. Mvulana alijitetea kwamba alikirudisha, lakini hapakuwa na shahidi, akazuiwa kuazima kitabu chochote.

Tangu hapo Nasiri alikaa ngazini peke yake, akifunga na kufungua kamba za viatu ili aonekane ana shughuli. Mutesi aliijua sana shughuli hiyo. Siku moja, akimtazama, alikatiza hadithi katikati. Kaze alimhimiza aendelee, lakini aliinuka, akaenda kukitoa kitabu na kukiweka mbele ya mwalimu.

“Mwalimu, Nasiri alikirudisha. Nilikificha mimi.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Wakikisoma wote, hakuna atakayenihitaji.”

Mwalimu alimtaka aseme hayo mbele ya darasa na kumwomba Nasiri radhi. Mutesi alisema yote. Baadhi walicheka; Kaze akahama dawati. Kwa wiki mbili hakuna aliyemwekea nafasi popote.

Kisha mchana mmoja Nasiri aliingia maktabani na kile kitabu mkononi.

“Uliwasimulia wenzetu kuwa Kirimo alilia alipomfungulia adui lango,” alimwambia. “Humu hakulia.”

“Hilo niliongeza mimi,” Mutesi alikiri.

“Lako ni zuri zaidi,” Nasiri alisema, akavuta kiti.

Mwalimu Gahongayire aliwasikia. Nasiri alipoondoka, alimwita Mutesi.

“Ulipokificha kitabu, watu saba walikufuata, na bado ulikuwa peke yako,” alisema. “Uliposema kweli, wote walikuacha. Leo amekuja mmoja, naye anakujua ulivyo. Huyo ndiye rafiki, mwanangu. Mtunze.”