Skrini ya Joviana, Miembeni

Meli ya Mwanza ilikuwa imefunga gati Bukoba asubuhi hiyo ya mwaka 2001, na bandari ilijaa wachukuzi, mikungu ya ndizi na watu waliokuja kupokea mizigo. Joviana alisimama katikati yao, amevaa sketi ya kijani na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, mkono juu ya boksi la kompyuta aliyoagiza. Mchukuzi alipoliinua boksi juu chini, kijana mrefu, mwembamba, wa shati la drafti, alilidaka na kuligeuza.

"Lina kioo ndani, dada. Lisibebwe hivyo."

"Umejuaje lina nini?"

"Imeandikwa ubavuni."

Kijana akasema anaitwa Kagaruki, fundi wa kompyuta, ana chumba cha kazi Miembeni. Akampa namba ya simu yake ya mkononi. Joviana aliipokea, lakini njiani aligeuka nyuma mara kwa mara kuangalia kama anafuatwa.

Alikuwa na sababu. Dada zake wawili waliolewa na wanaume wachangamfu wenye maneno matamu, na wote wawili walikuwa wamezikwa kwao Kaagya kwa ugonjwa ambao majirani waliutaja kwa kunong'ona. Kagera ilikuwa haijapumua vizuri baada ya vita vya Uganda ukimwi ulipoingia. Joviana alijiapiza kwamba mwanaume hatamwingia moyoni kirahisi.

Duka lake la kuchapa lilipakana na chumba cha Bernadina, fundi cherehani. Alipoiwasha kompyuta, skrini ilitoa picha ya kukatisha tamaa: herufi zimevimba, rangi chache zenye madoadoa, na kadi ya harusi aliyotaka kuichapa ikaonekana robo tu. Akaenda kwenye kibanda cha simu akampigia Kagaruki.

Kagaruki alikuja, akausukuma vizuri waya wa skrini nyuma ya kompyuta, kisha akakaa. Alimweleza Joviana kwamba kompyuta isipotambua vifaa vyake vya picha huwaka kwa picha hafifu, ili mtu aone walau kitu. Akaweka programu kutoka kwenye CD yake, akachagua kipimo kikubwa, akaizima na kuiwasha. Picha ikatoka safi, herufi nyembamba kama za gazeti. Joviana alicheka bila kutaka.

Asubuhi iliyofuata herufi zilikuwa zimevimba tena.

Kagaruki akarudi. Alibadilisha programu, akafungua kompyuta, akapangusa vumbi, na kila alipoondoka skrini ilikuwa nzuri. Kesho yake, yale yale. Katika kwenda na kurudi huko wakazoeana. Joviana alianza kuvaa hereni siku za fundi, na kumwekea sahani ya ebitoke, ndizi za kupika, na maharage.

"Mgonjwa wako amezidiwa," alimwambia siku moja kwenye simu.

"Kompyuta au mwenye kompyuta?"

"Njoo uone mwenyewe, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Kagaruki akasema anakuja sasa hivi.

Bernadina ndiye aliyelitia doa penzi hilo. Alisema fundi asiyemaliza kazi anaiharibu mwenyewe ili aendelee kuitwa. Akaongeza kwamba kila Alhamisi Kagaruki hupanda gari la Muleba na kushuka Izigo, kwa mwanamke. "Na huyo mwanamke anaumwa," alisema, akikata uzi kwa meno.

Joviana alipomuuliza, Kagaruki alijibu kwamba ana kazi kwenye ofisi moja huko Muleba. Alijibu akitazama chini. Tangu hapo Joviana akawa anamchunguza: mikono ilivyokonda, kikohozi cha asubuhi, mara anazonawa. Alhamisi iliyofuata alifunga duka, akapanda gari la pili.

Pale Izigo aliulizia, akaonyeshwa njia katikati ya migomba na mibuni. Alimkuta Kagaruki uani, anaanika kanga na mashuka aliyoyafua. Mlangoni alikaa mwanamke aliyekwisha mwili, amejifunika blanketi.

"Hii ndiyo ofisi ya Muleba?" Joviana aliuliza.

Kagaruki aliliweka chini shuka alilolishika. "Huyu ni Celina, mjane wa kaka yangu."

Alieleza kwamba ukoo ulitaka amrithi, akakataa. Lakini baada ya kukataa hakuweza kumwacha, kwa sababu hata ndugu wa Celina walikuwa wameacha kuja.

"Ningekwambia, ungenifungulia mlango tena?"

"Ungeniambia, ningechagua mwenyewe."

"Na wewe mbona hujawahi kuniambia dada zako walikufa kwa nini? Nilisikia kwa watu. Nikalala macho nikikuwazia mabaya, Joviana, kama unavyoniwazia sasa."

Celina, kwa sauti ndogo, akamwita Kagaruki "waitu", neno la heshima la Kihaya, akamwambia ampe mgeni kiti, asimwache amesimama juani. Joviana akakaa. Ila kabla ya kuondoka aliuliza lililobaki: je, kompyuta anaiharibu makusudi? Swali lilimuumiza Kagaruki kuliko yote. Akasema kesho atakuwa mlangoni kabla duka halijafunguliwa.

Alikuwepo. Akamwona Joviana akifungua kabati la kufuli, akitoa kompyuta, akiichomeka waya mmoja mmoja. Hakuwa amejua kamwe kwamba kila jioni huchomolewa na kufichwa.

"Unamficha nani?"

"Wezi," Joviana alisema. Kisha, kwa shida: "Na wewe. Niliogopa utawaelekeza."

Kagaruki aliuchukua waya wa skrini, akautazama mdomoni. Kipini kimoja kilikuwa kimepinda kwa kuchomekwa kila siku, na skrubu za pembeni hazikuwahi kukazwa. Yeye alipousukuma waya kiligusa, ulipochomekwa upya kikakosa; na bila kipini hicho, alisema, kompyuta haijui imeunganishwa na skrini ya aina gani, ndiyo maana inawaka na herufi kubwa. Alikinyoosha taratibu kwa kibanio, akakaza skrubu, akawasha. Picha ilitoka safi, na siku zilizofuata ikabaki hivyo.

"Twende tukapime," Joviana alisema siku hiyo. "Wote wawili."

Kwenye kituo cha upimaji waliingia mmoja mmoja. Joviana alipotoka alimkuta Kagaruki kwenye benchi, uso ndani ya viganja, akaona dunia imekwisha. Kumbe yu mzima. Alikuwa analia kwa ajili ya kaka yake. Joviana naye alikuwa salama. Walirudia baada ya miezi mitatu kama walivyoshauriwa, majibu yakawa yale yale, na Kagaruki akamwomba amuoe.

Joviana alisema atafikiri. Majibu anayo mkononi, na bado moyo wake ulikuwa unatafuta kosa. Alijionea aibu, lakini hakuweza kusema ndiyo.

Celina alifariki mwanzo wa mvua. Siku ya mazishi waombolezaji wengi walisimama mbali, huko kwenye migomba, na jikoni kwa marehemu walikuwemo wanawake wachache tu. Joviana alifika amejifunga kitenge kiunoni, akapita katikati ya watu, akaingia jikoni, akaomba kisu, akaanza kumenya ndizi.

Kokushubila, shangazi wa ukoo, alimtazama kwa muda mrefu. "Binti, wewe ni nani hapa?"

Kagaruki alikuwa anaingia na kuni. Akasimama pale pale mlangoni.

"Mchumba wa Kagaruki," Joviana alisema, akaendelea kumenya.