Mkono wa Binti wa Bartolo

Mkonokumbu, mashine ya kukumbuka mikono ya wachoraji, ulianza kazi saa mbili na robo asubuhi, na wote waliokuwa ukumbini wakanyamaza kama watu waliosikia jina la marehemu likitajwa.

Ulikuwa mkono wa chuma, kuanzia begani hadi ncha za vidole, uliofungwa juu ya meza ya mawe. Mbele yake kilisimama kioo kitupu, kirefu kama mlango. Pembeni, jicho la mashine liliimulika picha ya kale kwa miale laini isiyounguza wala kufifisha rangi. Lilipenya tabaka baada ya tabaka, likitambua kila mpako wa brashi: upi ulitangulia, upi ulifuata, brashi ilikandamizwa kwa nguvu gani, ikageukia wapi. Kisha mkono wa chuma ukayarudia hayo yote juu ya kioo. Haukuiga picha, uliiga mchoraji. Mtu aliyekufa karibu miaka mia sita iliyopita alikuwa akichora tena mbele ya macho yao, akipumzika pale alipopumzika, akisita pale aliposita.

Edina Mwaluko alisimama karibu kuliko wengine, mikono ameitia katika mifuko ya koti lake la kazi. Aliijua picha ile kuliko alivyozijua sura za ndugu zake. Iliitwa *Msichana na Udi*. Msichana wa miaka kumi na sita hivi ameinamia udi wake, ala ya nyuzi, anakaza uzi mmoja, sikio amelishusha kana kwamba uzi unamnong'oneza. Aliyeichora alikuwa Bartolo Venanzi, fundi wa Venisi, katika zama zile Waitalia walipoyafufua maarifa ya kale na wachoraji wakaanza kutajwa kwa majina yao, si kwa vichochoro walikofungulia karakana.

Bahari ilipopanda na kuingia katika maghala ya Venisi, picha zilizookolewa ziligawanywa katika miji mikavu ya dunia. Dodoma, kwa ukavu ule ule uliowatesa wakulima wake karne na karne, ikapewa picha mia mbili na arobaini kuzitunza. Ndiyo maana Jumba la Amana lilijengwa Miyuji, na ndiyo maana Edina, aliyeingia humo akiwa mfagiaji, sasa alikuwa fundi wa kuponya picha.

"Tazama anavyochora shavu, dada Edina," alisema Injinia Yoramu Kwilasa, aliyeiunda mashine. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya chini, na siku hiyo macho yake yaling'aa kama ya mtoto wa sikukuu. "Mipako mirefu, haina wasiwasi. Huyu bwana alijiamini."

Lakini mashine ilipofika kwenye mkono wa msichana, vidole vya chuma vilianza kutetemeka. Mtetemeko ulikuwa mdogo mwanzoni. Ukazidi. Mstari mmoja ukapinda, ukafutwa, ukachorwa upya, ukapinda tena. Kisha mkono ukasimama.

"Imeharibika?" aliuliza mtu kwa nyuma.

"Hapana," alisema Yoramu. "Bartolo ndiye aliyesimama."

Mashine ikanena kwa sauti yake tulivu. "Mkono wa kwanza umekoma. Unaanza mkono wa pili. Ni mdogo zaidi. Ni wa kushoto."

Ule mkono wa chuma ukajigeuza kiwiko, ukaanza kuchora kutoka upande mwingine. Ukamaliza vidole vya msichana, ukachora nyuzi za udi, uzi hata uzi. Na kila baada ya mipako kadhaa, ulitetemeka kidogo kabla ya kutulia.

"Naye anatetemeka?" aliuliza Edina.

Yoramu alisoma tarakimu kwenye kioo kidogo cha mkononi, akasoma tena. "Hapana. Mtetemeko wa kweli hauna mpangilio. Huu unapimika. Huyu anatetemeka kwa makusudi, dada. Anauiga ugonjwa wa Bartolo ili mtu asijue kuwa kazi imebadilisha mikono."

Ukumbi ukavuma kwa minong'ono. Yoramu alikwishaanza kupekua barua za mtaa alikoishi Bartolo zilizohifadhiwa katika kumbukumbu. Haikuchukua muda. Jirani mmoja, katika barua ya malalamiko kuhusu moshi wa kuchemshia gundi, alikuwa ametaja kwa dharau kwamba Orsola, binti wa pekee wa Bartolo, hula kwa mkono wa kushoto na baba yake hamkanyi. Na sheria za chama cha wachoraji cha siku zile zilijulikana: fundi akishindwa kazi, karakana hufungwa, na mwanamke hakuandikishwa kuwa fundi.

"Miaka sita ya mwisho ya Bartolo Venanzi," alisema Yoramu taratibu, "picha kumi na moja. Huenda zote ni za Orsola." Akacheka kwa furaha. "Sasa tuendelee na mkono wa gauni, ule ulioliwa na mafuriko. Mwalimu Chilewa aliuponya miaka miwili iliyopita, sivyo? Nataka mashine isome kazi yake nayo. Itakuwa heshima kwake."

"Tule kwanza," alisema Edina haraka. "Watu wamechoka kusimama."

Alitoka ukumbini kwa hatua za mtu asiyekimbia, na alipofika kwenye ujia akakimbia.

Mwalimu Matayo Chilewa alikuwa ofisini kwake, ghorofa ya pili, ameketi karibu na dirisha. Alikuwa na miaka sabini na minne, na hakuna aliyejua kuponya picha katika nchi hii ambaye hakufundishwa naye. Miaka ishirini iliyopita alimkuta mfagiaji wa ukumbi ameacha ufagio na kupiga magoti mbele ya picha. Alidhani anasali. Alipomuuliza, yule dada akajibu kuwa anatafuta mahali ambapo kivuli kinaanza. Kesho yake Mwalimu alimwekea kiti kando ya meza yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Edina. Mbona unahema?"

Edina alifunga mlango. "Mashine inatambua mikono. Si ya zamani tu. Baada ya chakula inasoma mkono wa gauni."

Mwalimu alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayeota moto, na hata hivyo chai ilikuwa ikicheza ndani yake. Ugonjwa ule ulimwanza miaka mitatu nyuma kwenye kidole gumba. Asubuhi moja Edina alimkuta ameinamia *Msichana na Udi*, brashi hewani, machozi yanamtiririka kimya kimya. Hakumuuliza neno. Alimtoa brashi mkononi kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akamaliza sehemu iliyobaki. Tangu siku hiyo alikuja saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wenzake. Walipofika saa mbili walikuta kazi imekwisha na Mwalimu ameketi kando yake. Hati iliyowekwa chini ya picha ilisema: *Imeponywa na M. Chilewa.* Picha tatu zilipita hivyo.

Sheria ya Amana haikuwa na masihara. Kila mkono ulioigusa picha ya dunia ulipaswa kuandikwa kwa jina lake la kweli. Aliyedanganya alivuliwa leseni.

"Nitamwambia Yoramu aruke sehemu ile," alisema Edina. "Nitamwambia rangi haijakauka vizuri, miale itaidhuru. Ataniamini."

"Ataamini, maana anakuheshimu." Mwalimu aliweka kikombe chini, kikagonga sahani mara mbili. "Edina, unajua nani aliyemwomba Yoramu asome mkono wa gauni?"

Edina akatikisa kichwa.

"Mimi. Nilitia sahihi mwezi uliopita. Nilijua kabisa itasema nini."

"Mwalimu! Kwa nini?"

"Kwa sababu miaka miwili nimekula jina lako. Kila wageni walipokuja kunipa mkono, wewe ulikuwa umesimama nyuma umeshika trei ya brashi. Nilitaka kusema. Kila asubuhi nilikuja na maneno mdomoni, na kila asubuhi nikayameza. Nikaona, kama kinywa kimeshindwa, basi mashine iseme."

"Na mimi hukuniuliza!" Sauti ya Edina ilipanda, akaishusha. "Mwalimu, samahani. Lakini hukuniuliza. Hakuna aliyenilazimisha kuja saa kumi na mbili. Nilikupa kwa hiari yangu. Leo mashine imemwanika yule binti ukumbini, watu wanafurahi, na hakuna aliyejiuliza kama alitaka. Alijifunza kutetemeka, Mwalimu. Alikaa akamtazama baba yake anavyotetemeka, akajifunza. Mashine imeuona mkono wake. Moyo wake haikuuona."

Mzee aligeukia dirisha. Nje, upepo wa Dodoma ulikuwa ukipeperusha vumbi jekundu na kulisukuma dirishani.

"Umesema kweli," alisema hatimaye. "Nilitaka kulipa deni la heshima bila kuona aibu mbele yako. Huo ni woga, nikaupamba ukaonekana ukarimu." Akaegemea meza, akainuka. "Nipe bega lako. Bado hawajamaliza kula."

"Unakwenda wapi?"

"Kusema kwa kinywa. Ukinikataza, nitarudi nikae. Safari hii nakuuliza."

Edina alisimama katikati ya chumba. Alifikiria leseni yake, na asubuhi zile, na harufu ya mafuta ya kitani kabla ya jua kupanda. Alifikiria pia jinsi alivyokuwa akiisoma hati ile chini ya picha, kila siku, na kile kitu kidogo kilichomchoma ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

"Sikukatazi," alisema, na akashangaa kwamba analia.

Waliingia ukumbini bega kwa bega. Yoramu alikuwa tayari ameuelekeza mwale kwenye mkono wa gauni.

"Simamisha, mwanangu," alisema Mwalimu Chilewa. "Kuna jambo mashine hii inakaribia kuwaambieni, na si haki lisikike kwake kabla ya kwangu."

Akayasema yote, amesimama, mkono wake wa kulia ukitetemeka wazi mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Hakuuficha mfukoni. Aliwaambia kuhusu kidole gumba, kuhusu saa kumi na mbili, kuhusu hati tatu za uongo. "Kazi mliyoisifu ni ya Edina Mwaluko. Uongo ni wangu mimi." Edina akasogea mbele akasema, "Ni wetu sote wawili, nilijua nilichokifanya," na mtu yeyote asingeweza kumnyamazisha.

Yoramu aliuzima mwale kwa mkono wake mwenyewe. Ile furaha ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni. "Sikuwaza," alisema kwa sauti ndogo. "Niliwaza mikono tu. Sikuwaza wenye mikono."

Baraza la Amana halikukawia. Mwalimu Chilewa alivuliwa leseni na cheo, na jina lake likaondolewa kwenye hati tatu. Zile nyingine mia na kumi na nane, alizoziponya mwenyewe, ziliachwa kama zilivyo. Edina alifungiwa mwaka mmoja asiguse picha yoyote. Jina lake liliandikwa mahali palipostahili, kwa herufi zile zile ndogo. Baadhi ya wenzake waliacha kumwamkia. Mpishi wa Jumba alimletea nyumbani sufuria ya mlenda na ugali, akaweka mezani na kuondoka bila kusema kitu.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi, Edina alijizoesha kwenda Nkuhungu kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Mwalimu, kumnyoa ndevu. Mashine za kunyolea zilikuwapo, hata zile zinazojua umbo la uso na kujiendesha zenyewe, lakini mzee alizikataa. Aliketi uani, taulo shingoni, povu limemjaa mashavuni kama maziwa yaliyofura, na Edina akauvuta wembe polepole kwa kufuata mfupa wa taya.

Jumamosi moja Edina alimwambia kuwa Yoramu amepiga simu. Jumba linataka kubadilisha hati ya *Msichana na Udi*, na baraza, pamoja na hasira zao zote, limeamua yeye Edina ndiye aandike maneno.

"Wanataka jina la Orsola pekee," alisema. "Wanasema ndiyo haki."

"Na wewe?"

"Shavu ni la baba. Vidole ni vya binti. Nitaandika wote wawili. Na chini nitaandika kwamba hatujui kama binti alitaka tujue."

Mwalimu alifumba macho. Jua la asubuhi lilikuwa limefika ukutani na kuku walikuwa wakiparura karibu na miguu yao. "Nani utamtanguliza?"

Edina alifuta wembe kwenye kitambaa, akafikiri. "Usinisemeshe hapa kooni," alisema. "Nitakukata."

Mzee akatabasamu chini ya povu, akainua kidevu, akampa koo lake.