Kichujio Kilichoganda

Kila Ijumaa baada ya masomo, Delphine Cloutier alipitia nyumbani, akala mkate wa siagi ya karanga, akamlisha mbwa, kisha akakimbilia ghala la Bi. Arsenault, kiongozi wa kikundi cha vijana wapanda mlima. Ijumaa hii mkate hakuugusa. Kesho wangepanda mlimani na kulala huko, na leo ilikuwa siku ya kumwaga mashanta.

Desturi yenyewe ilikuwa kali. Kila mmoja humwaga vitu vyake vyote sakafuni mbele ya wenzake, na wenzake wana ruhusa ya kusema lolote. Wyatt Pelkey aliifaidi ruhusa hiyo kuliko wote.

"Mto wa kulalia?" alimcheka Delphine. "Unakwenda hotelini, malkia?"

"Usiguse vitu vyangu!"

"Niguse nisiguse, mwaka jana shanta lako nani alilibeba? Si mimi?"

Wote wakaangua kicheko. Delphine alimchukia Wyatt kwa moyo wake wote. Hata hivyo, mto haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kichujio cha maji cha kikundi.

Alikuwa amekabidhiwa akitunze ndani ya nyumba, penye joto. Akakisahau kwenye banda la baiskeli majira yote ya baridi. Watoto wa mji ule wote walijua kwamba maji yaliyobaki ndani ya kichujio yakiganda kuwa barafu, kichujio hupasuka ndani kwa ndani, kisha vijidudu vya tumbo hupita humo bila kizuizi. Lakini kwa nje kilionekana kizima. Nani angejua?

"Kichujio kiko wapi?" Bi. Arsenault aliuliza.

"Hiki hapa."

"Kilikaa ndani?"

Delphine alimtupia Wyatt jicho. Akisema kweli, huyu atamsimanga mpaka wamalize shule.

"Ndiyo, kilikaa ndani."

"Vizuri. Basi hatuna haja ya kuchemsha maji." Bi. Arsenault akaweka kando sufuria kubwa na mitungi ya gesi ya akiba.

Josie, mdogo wake Wyatt, ambaye hajawahi kulala mlimani, akamrukia Delphine. "Kwa hiyo nitakunywa maji ya kijito? Yale ya baridi kabisa?"

Delphine akamshika mkono. "Usinywe," alisema. "Nimedanganya. Kilikaa bandani. Kiliganda."

Wyatt alisimama kwa hasira. "Ungemnywesha mdogo wangu uchafu? Abaki nyumbani huyu!"

"Abaki!" wengine wakadakia.

"Nyamazeni!" Bi. Arsenault akamgeukia Delphine, uso umekunjamana. "Utakwenda. Sufuria utabeba wewe, gesi utabeba wewe, na maji ya kila mtu utachemsha wewe. Huo mto uache hapa."

Kesho yake walipanda toka asubuhi. Mikanda ya shanta ilimchoma Delphine mabegani, na hakuna aliyemsemesha njiani. Walipopiga mahema kando ya kijito, aliwasha jiko, akachemsha maji, akangoja yatokote sawasawa.

Josie akanyoosha kikombe. Wyatt akamdaka mkono.

"Yamechemka?"

"Yamechemka."

"Kunywa wewe kwanza."

Delphine alikunywa mbele ya macho yao yote, akaungua ulimi, machozi yakamlengalenga. Wyatt akachungulia kikombe cha Delphine, akakikuta kitupu. Kisha akamwachia Josie mkono.

"Umeona, Delphine?" alisema Bi. Arsenault, safari hii kwa upole. "Kusahau kichujio si kitu, hata mimi husahau. Lakini huku hakuna zahanati, na simu hazishiki. Tunachotegemea ni neno la mwenzetu tu. Lako ulilivunja jana, na kulitengeneza kutachukua muda. Ila ulisema kweli kabla mtu hajaumia, ndiyo maana uko hapa nasi."

Delphine aliinamisha kichwa. Alipokiinua, Wyatt alikuwa amesimama mbele yake, bado amenuna, amemnyooshea chupa yake tupu.

"Jaza," alisema.