Kengele Isiyofika Dukani

Mama mwenye nyumba alikutwa sakafuni, kitufe cha kengele bado kimebanwa kiganjani. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti zamani. Kitufe hicho ndicho kilichokuwa ulimi wake.

"Amekabwa na kohozi," daktari wa polisi alisema akivua glavu. "Angegeuzwa ubavu tu, angepona."

Inspekta alichutama kuutazama mwili. Kuinuka kukamshinda, akashika ukingo wa kitanda. Uchovu wake haukuwa wa siku moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya dobi. Mbele duka, katikati chumba cha kupigia pasi, nyuma chumba cha mgonjwa. Ghorofani alilala bintiye aliyemuuguza. Mama akibonyeza, kengele ilisafiri kwa waifai hadi dukani kwa mwanawe wa kiume, naye humwita dada yake ashuke. Mchana ule haikulia.

"Kosa la mpiga pasi," kaka mtu alisema. "Kila siku anachomoa kiboksi cha waifai achomeke pasi yake. Tumemkanya mpaka midomo imeota sugu."

Mpiga pasi, pingu mikononi, hakukana.

"Nimechomoa, afande. Ukuta ule una soketi moja. Nguo za watu zitajinyoosha zenyewe?" Kisha akaanza kulia. "Nimemuua mama wa watu."

Hapo ndipo Inspekta alipokwama. Kama huchomoa kila siku, mbona siku zote nyingine kengele ililia?

Akamwita fundi aliyeufunga mtandao ule.

"Viboksi viko vinne," fundi akaeleza. "Cha dukani ndicho chenye waya wa nje. Vingine hupokezana hewani, kama watu wanaozima moto kwa kupeana ndoo. Vyote vimeungwa vikawa mtandao mmoja."

"Mmoja akianguka?"

"Ndoo inapitia kwa mwenzake. Kutoka kwa mgonjwa kuna njia mbili: chumba cha pasi, au juu kwa binti."

Inspekta alichomoa kiboksi cha chumba cha pasi kwa mkono wake, akaenda nyuma, akabonyeza kitufe.

Dukani kengele ikalia. Kaka mtu, kwa mazoea, akapaza sauti: "Dada, mama anaita."

Kisha akajishika mdomo, akakaa chini.

Inspekta akapanda ngazi. Binti alikuwa ameketi kitandani, khanga begani, macho mekundu bila machozi.

"Pole kwa msiba, dada."

"Nimeshapoa."

"Kiboksi chako leo mchana ulikigusa?"

"Aliyechomoa si mmemkamata?"

"Yule akichomoa peke yake, kengele inalia. Umeisikia sasa hivi."

"Atafungwa?"

"Kwa ushahidi nilionao, ndiyo. Labda uwe na neno."

Binti akaukunja ukingo wa khanga, akaukunjua.

"Mwachieni. Ana watoto." Akavuta pumzi. "Niligundua zamani. Nikizima changu, kengele inapita kwa pasi. Pasi ikiwashwa, inapita kwangu. Leo nilisubiri nisikie harufu ya pasi, nikachomoa changu."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka kulala." Alilisema kama mtu anayetua mzigo. "Mama alikuwa anabonyeza hata kutaka kujua tu kama nipo. Na kaka akisikia, kazi yake ni kuniita. Nikasema leo nipate usingizi mmoja, Mungu atanisamehe. Nilipoamka nikachomeka tena, nikashuka na uji wake."

Kaka mtu alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbona hukuniambia umechoka?"

"Nilikuambia, kaka. Ukasema mimi ndiye niliyejaliwa subira."

Ndiyo maana wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyejitwisha ndiye ajuaye shingo inavyouma.

Inspekta akaagiza mpiga pasi afunguliwe pingu. Kwa binti alitaja kosa kwa sauti ya chini: kuua bila kukusudia. Naye akaitikia, "Sawa, baba," akatafuta viatu vyake.

Gari halijafika hata mwisho wa mtaa, binti alikuwa ameshalala, kichwa begani kwa askari wa kike. Walipofika kituoni dereva akanyoosha mkono kumwamsha.

"Ngoja," Inspekta alisema.

Wakakaa garini, injini imezimwa. Kisha Inspekta akamwamsha mwenyewe, maana kazi ni kazi.