Jivu Kwenye Kokwa ya Babu Dismasi

Kila asubuhi kabla ya shule, Esther alijitwika ndoo na kushuka hadi kwenye mawe ya ufukweni kuteka maji ya ziwa. Njia ilipita kando ya kibanda cha Babu Dismasi, mzee mgane aliyeishi peke yake na kuanika dagaa juu ya chanja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Teka upande wa mbali. Hapo karibu pananuka."

Esther aliinamisha macho. Alijua kwa nini pananuka. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza vyoo vya kitongoji chao, kusini mwa Ujiji, watu walijisaidia gizani nyuma ya mawe yale. Wakubwa wa serikali walikuja siku zile na viatu vyao vya mpira, wakapiga picha, wakaahidi, wakapanda gari. Maji yalirudi ziwani. Wakubwa hawakurudi.

Babu Dismasi hakuwangoja tena. Mwaka ule mkewe aliharisha hadi akafariki. Matanga yalipoisha, mzee alichukua mtaimbo wake, akapanda mwinukoni, akachimba choo kwenye ardhi ya mawe na kukiezeka kwa makuti ya michikichi. Esther mwenyewe alikiazima mara nyingi, tumbo lilipomsumbua mchana.

Jumamosi moja walifika wageni. Walikuwa wakifunzwa uwezeshaji katika ukumbi mmoja kule Mwanga, mjini: namna ya kuwasaidia watu waone wenyewe uchafu wao na kuuondoa wenyewe. Siku hiyo walikuja kujaribu walichofundishwa. Mkufunzi wao, Mama Elinipa, alikaa pembeni kimya. Zamu ilikuwa ya kijana aliyeitwa Jonathan.

Jonathan aliwaomba wanakitongoji wachore ramani yao mchangani. Kila nyumba iliwekewa kokwa moja ya chikichi, na mawe ya ufukweni yakachorewa duara.

"Sasa chukueni jivu," alisema. "Mwageni kwenye nyumba isiyo na choo, au pale mnapojisaidia."

Watu walitazamana. Mmoja alikohoa, mwingine akaanza kufunga kanga upya. Jonathan alianza kutokwa jasho.

"Basi tuanze na watoto, hawana uongo hao. Wewe binti, njoo."

Esther alichota jivu. Nyuma yake Yona, mwanafunzi mwenzake, alinong'ona, "Leo tutamjua anayepaka mawe rangi." Wenzake wakacheka. Esther alimtafuta mama yake katikati ya wanawake. Mama alitikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

Mkono ulipita juu ya kokwa ya kwao. Ukapita juu ya mawe. Kisha Esther aliiona kokwa ya Babu Dismasi, iko peke yake, haina mtu wa kuitetea. Akamwaga jivu hapo.

"Kumbe!" Jonathan alicheka. "Nani anakaa hapa? Mzee, ni wewe unayetuchafulia maji?"

Watu walicheka kama waliotua mzigo. Mmoja akaenda kumwaga jivu lake palepale, akafuata mwingine, mpaka kokwa ikafunikwa.

Babu Dismasi aliitazama chungu ile ya jivu. "Kwanza walikuja wenye kamera," alisema. "Sasa wamekuja wenye majivu." Akaondoka.

Mama Elinipa alimvuta Jonathan pembeni, lakini Esther alisikia. "Nilikufundisha nini? Mwezeshaji hamnyooshei mtu kidole. Anauliza, kisha ananyamaza, watu wajitazame. Ramani isifutwe. Kesho tutarudi."

Jioni hiyo dagaa wa Babu Dismasi hawakupata mnunuzi. Mama Recho, mteja wake wa kila siku, alipita ameziba pua. Nyumbani, Esther aliutazama ugali tu.

"Kula," mama alisema.

"Mama, babu ana choo."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nyamaza. Ya nyumbani hayaanikwi kama dagaa." Lakini hata mama tonge lake lilimpoea mkononi.

Alfajiri Esther alipita na ndoo yake.

"Shikamoo, babu."

Marahaba haikuja. Mzee alikuwa akifunika dagaa kwa turubai. "Tumbo likikusumbua, choo kiko wazi," alisema bila kugeuka. "Sijakifunga."

Afadhali angemchapa. Esther alishuka kwenye mawe, akateka maji huku machozi yakidondokea ndani ya ndoo.

Baada ya ibada ya Jumapili watu walikusanyika tena. Babu Dismasi alikaa mbali akishona wavu. Kabla hajaulizwa mtu, Esther alipiga magoti mchangani, akalizoa jivu lote kwa mikono miwili.

"Jana nilidanganya," alisema. "Babu ana choo. Sisi hatuna. Sisi tunaenda hapa." Akalimwaga kwenye duara la mawe.

Safari hii Jonathan hakumnyooshea mtu kidole; alisimama mikono nyuma.

Mama yake Esther aliinuka, akachota jivu. "Na mimi." Mama Recho akafuata, uso chini. Baba yake Yona akafuata. Duara zima likawa jeupe.

Jonathan aliuliza swali moja tu. "Na maji ya kunywa, mnateka wapi?"

Mama Recho alilitazama jivu, akatema mate. "Tunakunywa mavi yetu," alisema.

Palepale walikubaliana: kila nyumba ichimbe choo, juu ya pale ziwa lilipofika, bila kumngoja mkubwa yeyote. Jonathan alimwendea Babu Dismasi na kuinama. "Mzee, jana nilikukosea. Nisamehe."

"Mliosoma mna haraka ya kusema," mzee alijibu, "na uzito wa kuja. Mke wangu alikufa tukiwangoja." Akashona tundu moja, kisha akamwita Esther. "Mpelekee baba yako mtaimbo wangu. Na nisiuone umerudi na kutu."

Vyoo vilipokamilika, kila kimoja na kibuyu chirizi chake cha kunawia mikono, Mama Elinipa alirudi. Alimkuta Esther akinawa, akamshika bega.

"Uongo ni kama kujisaidia nyuma ya jiwe," alimwambia. "Unadhani umejificha, kumbe umemwachia jirani anywe. Wewe uliufukua mwenyewe mbele za watu. Ndiyo maana na wengine waliweza."

Asubuhi iliyofuata Esther alipita na ndoo. Chanja lilikuwa karibu tupu. Mama Recho alikuwa ameshapita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Teka hapo karibu," mzee alisema. "Lakini mkayachemshe."