Mashua Isiyo na Mkwaruzo

Watu wengi huniuliza kama hizi mashua mpya za tanga zinazouzwa siku hizi zinafaa bei yake. Mimi bei za mashua sizijui. Najua gharama ya ile moja iliyoingia nyumbani kwa mdogo wangu, na hiyo nitawasimulia, wenye watoto mnisikilize vizuri.

Kabla ya mambo haya, Jumapili ya nyumba ile ilikuwa raha tupu. Shemeji yangu, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko nywele alizowahi kukata, alitangulia kwenda bwawani na tanga begani. Mdogo wangu, ambaye ni msusi, alifuata na chupa ya chai. Binti yao alikuwa huku na huku, akiuliza, akijibu, akiimba. Tulimwita Chiriku kwa sababu kunyamaza hakukujua.

Mashua yao ilikuwa ya mbao, kuukuu, imetiwa kiraka juu ya kiraka, hata wakaiita Bibi Viraka. Ubavu mmoja ulizibwa kwa mlango wa kabati, na bawaba yake ilikuwa bado inaonekana. Bibi huyo alipinduka mara kwa mara, na kila alipopinduka Chiriku aliibuka majini akicheka, akamning'inia ubavuni mpaka akamsimamisha tena. Mama yake alikuwa na sheria moja tu humo ndani.

"Tukikaribia ukuta wa gati, mikono ndani! Mashua na mawe waache wamalizane wenyewe."

Ishikeni sheria hiyo. Nitairudia, na sitafurahi kuirudia.

Siku moja mwenye duka la saruji alikuja bwawani na mashua mpya, nyeupe, imeng'arishwa mpaka unaona meno yako. Bibi Viraka aliipita siku hiyohiyo, mbele ya watu wote. Chiriku akashangilia. Shemeji yangu alikuwa amegeuza shingo, anaitazama ile iliyoachwa nyuma.

"Umeona inavyong'aa?" akasema.

"Si tumeipita, baba?"

"Kupita si hoja, mwanangu."



Sasa, kinyozi na msusi hao walikuwa na chumba kimoja cha kazi, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa mume kulikuwa na kiti cha kuzunguka na kioo. Upande wa mke kulikuwa na mkeka, viti vifupi, vitana, na nyuzi za kila rangi. Chiriku akitoka shule alikaa huko na kusuka. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi, na wateja walishaanza kumsubiri yeye. Mama yake alisema mtoto huyu atakula kwa vidole vyake maisha yake yote.

Asubuhi moja mdogo wangu alifika kazini akakuta vitana na nyuzi zake vimetiwa ndani ya beseni, nje, kando ya mlango. Upande wake umepangishwa kwa fundi simu, na kodi ya muda mrefu imeshachukuliwa. Mashua nyeupe, kama ile ya mwenye saruji, ilikuwa imeshalipiwa.

"Na mimi nitasukia wapi, baba Chiriku?"

"Sukia nyumbani kwanza. Hiki ni kitu cha familia, mke wangu. Utanishukuru."

Mimi sina subira ya mdogo wangu. Nilimwendea mumewe dukani kwake, wateja wakiwa wamekaa. "Shemeji, mkeo umempa beseni, wewe umejipa mashua. Hesabu gani hiyo?"

"Acha utani, dada. Njoo uione! Imekuja na matanga mapya mawili."

"Matanga hayanunuliwi, shemeji. Huja yenyewe."

Duka zima liliangua kicheko, na mimi nilicheka nao. Leo utani huo ukinirudia, nautemea mate.

Mashua ilipofika, zikaja sheria mpya. Miguu ioshwe kabla ya kupanda. Chai marufuku. Jina lisiandikwe ubavuni, litaharibu rangi. Chiriku, aliyekuwa akishika usukani wa Bibi Viraka tangu hajaota meno ya mbele, alihamishiwa katikati, akapewa kitambaa cha kufutia. Bibi Viraka mwenyewe alipasuliwa kuni.

Mdogo wangu alishauri jambo la busara. "Ipelekeni kwenye maji mafupi muipindue kwanza, mzijue tabia zake."

"Niipindue mashua ya bei ile? Una wazimu?"

Basi wakawa wanapanda chombo wasichokijua, na ambacho hakuna aliyethubutu kukizoea.

Wiki hizohizo kibanio cha nywele cha Chiriku kiliparuza rangi. Baba yake hakumpiga wala hakumgombeza. Alichutama, akaupapasa mkwaruzo kwa dole gumba, na hakusema na mtu mpaka usiku, chakula chake kikapoa mezani. Fundi aliupaka rangi ukafutika kabisa. Lakini mtoto alikuwa ameshauona uso ule.

"Afadhali angenichapa, mama mkubwa," aliniambia.

Tangu hapo alianza kunywea. Akipanda, aliitazama mashua kwanza, halafu uso wa baba yake, halafu mawe ya ukuta. Nilimuuliza, "Chiriku wangu, mbona siku hizi hatukusikii?"

"Naangalia tusiguse," akajibu.

Wazazi, mtoto aliyekuwa hanyamazi akinyamaza, kuna kitu kimemkaa kooni. Sisi tulisema anakua.

Jumapili ile mbingu ilikuwa nzito tangu asubuhi. Mdogo wangu hakuja, maana wateja wake sasa walimfuata nyumbani na sebule ilikuwa imejaa. Kwa hiyo mwenye sheria ya mikono hakuwepo. Mimi nilikaa kwenye ngazi za gati, pale ukuta wa mawe unaposhuka majini, nikiwasubiri warudi.

Walikuwa wamekaribia kabisa upepo ulipogeuka ghafla. Angekuwa Bibi Viraka, shemeji angeachia kamba ya tanga, mashua ikajigonga ukutani, watu wakashuka wakicheka. Lakini alikuwa na rangi ya kulinda. Alishikilia kamba, akavuta, akataka kuigeuza. Haikugeuka. Ikaja ubavu mzima kuelekea mawe, na upepo ukiisukuma kwa nyuma.

Baba yake hakusema neno. Nataka mlijue hilo, kwa sababu wako mtaani wanaosema kwamba alimwamuru. Hakumwamuru. Mtoto alimtazama tu usoni, akauona uso ule wa siku ya kibanio. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akauweka kati ya mashua na ukuta.

Niliusikia mlio wake. Sitauelezea.

Chiriku hakulia. Alikuwa amekuwa mweupe midomo, macho kwa baba yake. Akasema, "Haijagusa, baba."

Hospitali waliuokoa mkono. Vidole viwili havikuokoka, na vilivyobaki haviwezi kushika hata nyuzi za mama yake. Siku nyingi shemeji yangu alikaa kwenye benchi la korido pale, yeye mwenye maneno mengi, na hakupata hata moja la kumwambia mkewe.  Nilimlilia mtoto, nikawalilia na wao.

Mashua ikatangazwa kuuzwa. Mnunuzi akaja uani, akaizunguka, akaipapasa ubavu wote kwa kiganja.

"Mkwaruzo inao?"

Shemeji aligeukia mlango wa nyumba. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja mfukoni.

"Haina hata mmoja," akasema.

Yule bwana akafurahi. "Basi inafaa bei yake!"

Shemeji yangu aliingia ndani, na mdogo wangu ndiye aliyepokea zile fedha.

Funzo

Sisemi msinunue vitu vipya. Nunueni, kama mnaweza kuvitumia bila kutetemeka. Lakini kitu ambacho mtoto wako anaogopa kukigusa, hicho si mali yake tena. Umemletea bwana wa kumtumikia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na watoto hawalelewi kwa maneno tu. Hutusoma nyuso, wakajua ni kipi tunakithamini zaidi. Kinyozi yule anampenda binti yake kuliko mashua elfu, nalishuhudia hilo. Ila mtoto hakuwa na njia ya kulijua.

Waambieni watoto wenu leo hii. Chombo kikwaruzike, kipasuke, kizame kikitaka. Mikono ndani.